London hadi New York: mbona saa hazilingani?

Unauliza kwa nini tiketi ya London hadi New York inaonyesha saa nyingi kuliko unazopata ukigawa umbali kwa mwendo wa ndege. Hesabu yako ni sahihi: kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, London, hadi ule wa JFK, New York, ni takriban kilomita 5,540, na ukigawa kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa unapata saa 6 na ushee. Ila muda wa kwenye tiketi hauanzi ndege inapopaa. Unahesabiwa tangu inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegesha kule, na Heathrow foleni ya kusubiri kuruka si mchezo.

Halafu kuna upepo, na hapa ndipo penye jibu lenyewe. Huko juu, kwenye kilomita kama 10 kutoka ardhini, unavuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda New York unakupiga usoni, kwa hiyo unatumia karibu saa 8. Kurudi unakusukuma, unafika kwa saa 7 au pungufu. Wakati wa baridi huzidi nguvu, tofauti ikaonekana zaidi. Rubani naye hafuati mstari ulionyooka; husogezwa kaskazini au kusini kulingana na upepo wa siku hiyo, ndiyo maana ramani ya kwenye kiti chako haifanani safari mbili.

Angalia pia saa za mahali. Ukiondoka London saa 5 asubuhi ukafika New York saa 8 mchana, hujaruka saa 3. Ongeza 5 za tofauti ya majira, ni 8.