Daktari wa Mifugo Tabora: Panga Kalenda Kabla Simu Haijakupangia

Vijana wanaomaliza SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, hunipigia kuuliza kama mtu anaweza kufungua huduma ya mifugo hapa Tabora mjini, akalea watoto, na usiku akalala. Anaweza. Ila asitegemee dharura. Daktari anayesubiri ng'ombe aanguke ndipo aitwe atapata hela, sikatai, lakini mume au mke atamjua kwa mlio wa pikipiki tu. Mimi niliamua mapema kwamba kazi yangu itasimama kwenye chanjo na kuogesha mifugo kwa dawa ya kupe, na matibabu yatakuwa nyongeza. Ndoa yangu na watoto wangu wamekaa juu ya uamuzi huo.

Kwanza mjue mji wenyewe. Reli ya kati inagawanyika hapa, tawi moja linakwenda Mwanza na jingine Kigoma, lakini pamoja na sifa zote hizo bado ni mji ambao mteja wa Ipuli utakutana naye msibani Isevya na foleni ya hospitali ya Kitete. Ukimdhulumu mtu, shemeji yake ni jirani yako. Karibu kila nyumba ina kuku, wengi wana mbuzi wawili watatu, na baadhi wana ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba. Ukitoka kidogo kuelekea Uyui unakuta Wasukuma na Wanyamwezi wenye mifugo ya kuhesabika kwa zizi. Hao wote ni wateja, ila kila mmoja anahitaji ratiba yake.

Nianze na kuku, maana ndio walionipa jina mtaani. Mdondo ukishaingia hauna tiba. Kuku anapinda shingo, anaharisha kijani, na ndani ya siku chache banda linabaki manyoya. Chanjo yake ya I-2, ile inayotengenezwa na TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari, kule Kibaha, ni tone moja tu jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine nyingi, lakini msiiache juani mkasema dokta kasema. Shida yake ni kwamba chupa moja inatosha kuku wengi sana, na mama mwenye kuku wanane hawezi kuinunua peke yake. Hapo ndipo daktari anapogeuka mtu wa mtaa. Nenda kwa mwenyekiti, kaa kwenye benchi lake, omba itangazwe msikitini na kanisani kwamba alfajiri ya siku fulani kuku wasifunguliwe. Nyumba kumi na tano zikichangia chupa moja, kila mtu anatoa hela ndogo na hakuna anayeona ameibiwa.

Kazi yenyewe huanza kabla hakujapambazuka vizuri. Mwanangu wa kiume anamulika tochi, watoto wa nyumba ile wanakamata, mimi nainamisha kichwa cha kuku pembeni, tone linaingia, nasubiri apepese jicho ndipo namwachia. Asipopepesa, dawa haijaingia, tunarudia. Saa mbili asubuhi tumemaliza mtaa mzima na tunakunywa chai ya tangawizi kwa mama mmoja ambaye siku zote anakataa kuniita dokta, ananiita mwali. Siku za namna hiyo watoto wangu wanajua kazi ya mama yao kuliko vile ningewaeleza mezani.

Ng'ombe ni habari nyingine. Mvua zikianza Novemba kupe huongezeka, na ndigana kali inafuata. Inaletwa na yule kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio, kwa hiyo ukimpulizia ng'ombe mgongo na kuacha masikio umemwosha tu. Mfundishe mfugaji kuogesha kila wiki wakati wa mvua, na amwangalie mnyama kila asubuhi: anayebaki nyuma ya wenzake, asiyecheua, aliyevimba mitoki chini ya sikio na mbele ya bega. Ukipima joto ukakuta limepita nyuzi 40, usisubiri kesho. Dawa yake, buparvakwoni, ni ghali lakini inafanya kazi ikiwahi. Mnyama akishaanza kutoa povu puani, mapafu yamejaa maji, na mara nyingi utakuwa unachoma sindano ili mwenye ng'ombe aone umejitahidi. Mwambie ukweli kabla hujafungua chupa, achague mwenyewe kama atoe hiyo pesa.

Kuhusu pesa, hapa wengi wanalipwa kwa msimu. Mkulima wa tumbaku atakwambia umwandikie mpaka malipo yatoke, na mara nyingi anasema kweli. Utaratibu wangu ni huu: dawa inalipwa papo hapo, ufundi unaweza kusubiri. Dawa nimeinunua kwa hela yangu, nikiikopesha nimekopesha ada ya shule. Ufundi ni wangu, naweza kuungojea hata mwaka. Asali napokea, maembe ya Desemba napokea mpaka jirani ananionea huruma, jogoo napokea. Ila usipokee mnyama mgonjwa kama malipo, hata akikupa kwa moyo mweupe.

Sasa nyumbani. Ovaroli na buti zangu havivuki mlango, vina kibanda chao uani pamoja na ndoo na sabuni. Siyo usafi wa kujionyesha. Ugonjwa wa kutupa mimba unahama kutoka kwa ng'ombe hadi kwa binadamu kupitia maji ya uzazi, kondo la nyuma na maziwa mabichi, na homa yake inaweza kumsumbua mtu miezi huku akitibiwa malaria. Ukizalisha ng'ombe bila glavu kisha ukambeba mwanao, umemletea ugonjwa kutoka kazini kwako. Maziwa kwetu yanachemshwa, hata yale ya kugandisha, na hapa najua nagusa pabaya, maana wakwe zangu wanaamini mtindi wa maziwa yaliyochemshwa hauna ladha. Tumebishana miaka, sasa wanachemsha nikiwepo.

Simu ya usiku nimempa mume wangu. Baada ya saa tatu anapokea yeye, na anajua maswali ya kuuliza: anazaa na ameshindwa? Tumbo limevimba ghafla upande wa kushoto? Kuna damu isiyokata? Mbwa amemng'ata mtu? Ikiwa ndiyo, naamshwa. Ikiwa ni mbuzi anayekohoa tangu Jumatatu, mume wangu anamwambia kwa upole, "Mama Dokta atafika asubuhi, mzee wangu, mpe maji na umtenge na wenzake." Watu walinuna mwanzoni. Wakazoea, kwa sababu asubuhi kweli nafika.

Hilo la mbwa halina mjadala. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu akimbizwe hospitali akachanjwe. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Nawe daktari uchanjwe mapema, kabla hujashika mbwa wa kwanza. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tumia nafasi hiyo kuwachanja mbwa wa mtaa. Watakaowaleta ni watoto, mbwa amefungwa kipande cha kanga shingoni, na mtoto ndiye anayejua kama anauma. Muulize yeye.

Kuna siku utaitwa mahali ng'ombe amekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na mkunduni, visu vimeshanolewa na majirani wamekuja na mabeseni. Hiyo ichukulie ni kimeta mpaka maabara iseme vinginevyo, na TVLA wana kituo hapa hapa Tabora. Asipasuliwe, asichunwe, azikwe shimo refu la futi sita, kwa sababu vimelea vyake vinakaa ardhini miaka mingi. Sheria iko upande wako, lakini sheria haishiki kisu mkononi mwa mtu mwenye njaa. Kitakachokusaidia ni kwamba baba wa nyumba ile anakukumbuka ulivyokaa naye matangani mkewe alipofariki. Kwa hiyo nenda misibani. Changia harusi. Shika zamu yako kwenye kikoba.

Ukihamia huku Oktoba, usianze kwa kupaka rangi duka. Jiandikishe kwanza Baraza la Veterinari, maana bila hilo huruhusiwi kutibu. Kisha zungukia wenyeviti wa mitaa mitatu iliyo karibu nawe, wape tarehe za chanjo ya kuku hadi Juni, na uwaonyeshe wenye ng'ombe namna ya kupulizia dawa ndani ya sikio kabla mvua haijashika. Duka litapakwa rangi Machi.