Sataranji ya Kichina kwa Vijana: Maswali Yenu

Binti yangu wa miaka tisa anataka kujifunza sataranji ya Kichina, xiangqi, lakini hajui Kichina hata kidogo. Ataweza? (Mama, Tanga)

Ataweza, mama. Kila upande una kete 16, ila aina zake ni saba tu: jemadari, walinzi, tembo, farasi, magari ya vita, mizinga na askari. Maandishi yake atayazoea kama alama. Ubao usikusumbue. Chora kwenye boksi mistari 10 ya kulala na 9 ya kusimama, uache mto katikati, yaani nafasi kati ya mstari wa tano na wa sita wa kulala, kisha andika majina ya kete kwenye vizibo vya soda, kama vile vya drafti. Kete hukaa pale mistari inapokutana.

Nacheza sataranji ya kawaida. Hii itaniongezea nini? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Morogoro)

Utajifunza kuangalia kinachoziba njia. Farasi huenda hatua moja mbele, nyuma au pembeni, kisha moja ya mshazari. Akikuta kete kwenye hatua ile ya kwanza, hata kama ni ya kwenu, amefungwa mguu, haendi. Mzinga nao hutembea kama gari la vita, yaani moja kwa moja kwenye mstari, lakini hauli mpaka uruke kete moja, yako au ya adui. Kwa hiyo mzinga ukimlenga jemadari wako, unaweza kumwokoa kwa kuiondoa kete iliyo kati yao! Majemadari wawili nao hawaruhusiwi kutazamana kwenye mstari mtupu, hivyo kete iliyobaki peke yake katikati haiwezi kutoka kwenye mstari huo. Mambo haya yanakulazimisha kuusoma ubao mzima kila zamu, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Tena ukikosa pa kusogea, huku hakuna sare. Umeshindwa.

Je, alama za hisabati zitapanda? (Mwalimu, Mombasa)

Mwalimu, siwezi kukuahidi. Sataranji ya kimataifa ilijaribiwa katika shule za msingi za Uingereza, na ripoti ya mwaka 2016 haikuona tofauti katika hisabati mwaka mmoja baada ya mafunzo. Anzisha klabu kwa sababu watoto watakaa pamoja, simu pembeni, wakijiuliza mwenzangu atajibu nini kabla ya kugusa kete. Hilo linatosha kabisa.

Kijana wangu akishindwa anapindua ubao. (Baba, Dodoma)

Usimwachie ashinde kwa huruma. Akishatulia, pangeni kete upya mtafute pamoja mchezo ulipoharibikia.

Nina miaka 17, nimechelewa? (Msomaji, Kigoma)

Hujachelewa. Hu Ronghua alitwaa ubingwa wa xiangqi wa China mwaka 1960 akiwa na miaka 15. Mwaka 2000 akautwaa mara ya 14, akiwa na miaka 55. Wewe anza kwa kujifunza kumfunga jemadari kwa magari mawili, halafu ongeza mizinga.