Maswali yenu kuhusu Lu Wei, bwana mkubwa wa intaneti ya China

Wiki mbili zilizopita nilimtaja Lu Wei kwa kupita tu: aliyekuwa msimamizi mkuu wa intaneti nchini China, kisha akahukumiwa kifungo kwa rushwa. Nilidhani nimemaliza, kumbe ndiyo kwanza nimeanza. Ujumbe umemiminika. Nimechambua yanayojibika; yaliyokuwa matusi nimewaachia wenyewe.

Shikamoo mwalimu. Mwandishi wa habari anapandaje hadi kuwa mkubwa kiasi hicho? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Tuanze na hilo neno "mwandishi". Lu alizaliwa mwaka 1960 mkoani Anhui, na alikulia kikazi Xinhua, shirika la habari la serikali. Xinhua haiandiki habari za magazetini tu. Huwaandikia pia viongozi wa Chama cha Kikomunisti kinachotawala taarifa za ndani ambazo mwananchi wa kawaida hazioni. Kwa hiyo mtu wa pale anajua mawili: kipi kinatokea nchini, na kipi hakitakiwi kujulikana. Lu alianzia Guangxi, kusini kabisa, na kufikia 2004 alikuwa makamu wa mkuu wa shirika zima. Mwaka 2011 akawa naibu meya wa Beijing na mkuu wa propaganda wa jiji. Mwaka 2013 akakabidhiwa ofisi ya taifa ya habari za intaneti.

Kilichompa meno ni kilichofuata. Februari 2014 Xi Jinping aliunda kikundi cha juu cha usalama wa mtandao, akakiongoza yeye mwenyewe, na Lu akawa mtendaji wake. Kabla ya hapo kila wizara ilikuwa na kipande chake cha intaneti, hali ambayo Wachina huifananisha na madragoni tisa yanayogombea kusimamia maji yale yale. Sisi tungesema fahari wawili hawakai zizi moja. Hapo walikuwa zaidi ya wawili, na akabaki mmoja.

Kwa hiyo ndiye aliyejenga ule ukuta unaozuia Facebook na Google? (Mwanafunzi wa kompyuta, Nakuru)

Hapana. Ukuta ulianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1990 chini ya wizara ya usalama wa umma. Facebook na Twitter zilifungiwa mwaka 2009, na Google ilihamishia huduma yake ya kutafuta Hong Kong mwaka 2010, Lu akiwa bado Xinhua. Yeye aliukuta ukuta umesimama, akahangaika zaidi na waliokuwa ndani yake.

Alihangaika nao vipi? Tupe mfano mmoja wa kueleweka. (Msomaji, Mombasa)

Mwaka 2013 Weibo, mtandao wa Kichina unaofanana na Twitter, ilikuwa kama baraza la nchi nzima. Kulikuwa na watu maarufu waliothibitishwa kwa alama ya V pembeni ya jina, na wananchi wakawaita "V kubwa". Mmoja wao, mwekezaji Charles Xue, alikuwa na wafuasi milioni 12. Akitaja ufisadi wa ofisi fulani asubuhi, jioni ofisi hiyo inatetemeka.

Agosti mwaka huo Lu aliwaita kundi la hawa mashuhuri, wakazungumza kwa adabu, wakatoka na makubaliano ya "mistari saba" ambayo mtu mtandaoni asiivuke, ukiwemo ukweli wa habari na maslahi ya taifa. Haukupita mwezi, Xue akakamatwa Beijing kwa madai ya kununua ukahaba. Kisha akaonyeshwa kwenye televisheni ya taifa akiwa kizuizini, akijuta. Akijuta nini? Jinsi alivyotumia umaarufu wake Weibo. Mtu kakamatwa kwa kosa la chumbani, anaungama la mtandaoni.

Septemba mahakama kuu ikaongeza lake: uvumi wa kumchafua mtu ukisambazwa mara 500 au kusomwa mara 5,000, aliyeuandika anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Miongoni mwa wa kwanza kunaswa alikuwa mvulana wa miaka 16 mkoani Gansu, aliyetilia shaka maelezo ya polisi kuhusu kifo cha mtu. Kelele zilikuwa nyingi, wakamwachia. Lakini jiulize, baada ya hapo nani angependa andiko lake lifike mara ya 499? Weibo ilipoa. Watu wengi walihamia WeChat, programu ya kutumiana ujumbe, kwenye vikundi vya ndugu na marafiki.

Mbona wazungu walimpokea vizuri hivyo? (Msomaji, Unguja)

Kwa sababu alishika ufunguo wa soko lenye mamia ya mamilioni ya watumiaji, na alijua kucheka na wageni. Alipenda kusema intaneti ni kama gari, na gari lisilo na breki ukiliingiza barabara kuu mwisho wake unajulikana. Desemba 2014 alitembelea makao ya Facebook, California. Picha iliyotolewa inamwonyesha Lu amekalia kiti cha Mark Zuckerberg, mwenyewe amesimama pembeni anatabasamu. Juu ya meza kuna kitabu cha hotuba za Xi Jinping. Zuckerberg alieleza kwamba amewanunulia na wafanyakazi wenzake wakisome. Mwaka 2015 jarida la Time likamweka Lu kwenye orodha yake ya watu 100 wenye ushawishi duniani.

Lakini si kila kitu kilimnyookea. Mwezi mmoja kabla ya safari ya California aliandaa mkutano mkubwa wa intaneti Wuzhen, mji mdogo wa mifereji mkoani Zhejiang. Wageni walifunguliwa mitandao yote iliyofungwa kwa wenyeji. Usiku wa mwisho, baada ya saa tano, karatasi zikapenyezwa chini ya milango ya vyumba vyao hotelini: rasimu ya azimio la pamoja, mwenye marekebisho ayalete kabla ya saa mbili asubuhi. Wageni waliguna, na azimio halikusomwa. Mimi nimehudhuria vikao vya harusi vilivyotoa muda mrefu zaidi wa kutafakari.

Jina lake ni Lu au Wei? (Bila jina)

Lu ndiyo ukoo. Wachina huanza na ukoo.

Alianguka kwa rushwa kweli, au siasa? (Mwanasheria, Dodoma)

Wewe mwanasheria unajua kimoja hakifuti kingine. Juni 2016 aliondolewa bila maelezo. Novemba 2017, mwezi mmoja baada ya mkutano mkuu wa chama, kamati ya nidhamu ikatangaza inamchunguza: chui milia wa kwanza wa awamu hiyo, kama wanavyowaita vigogo wanaokamatwa (wadogo huitwa nzi). Februari 2018 akafukuzwa chama.

Tamko la kumfukuza ndilo la kusoma polepole. Aliitwa mnafiki aliyeuhadaa uongozi wa juu, dhalimu, mtu asiye na haya hata kidogo, aliyebadilishana madaraka kwa ngono. Ndani yake kuna shtaka dogo ambalo wengi walilipita: kuwasingizia wenzake bila kutaja jina lake. Yaani mkuu wa vita dhidi ya uvumi, kwa maneno ya chama chake, alikuwa mvumishaji.

Mahakamani mengi ya hayo hayakufika. Kesi ilisikilizwa Oktoba 2018 mjini Ningbo, mkoa ule ule wa Zhejiang alikowakaribisha wageni, na ilihusu hongo ya yuan milioni 32 kati ya 2002 na 2017, kama shilingi bilioni 11 za Tanzania kwa viwango vya wakati ule. Alikiri. Machi 2019 akapewa miaka 14 na faini ya yuan milioni 3, akasema hatakata rufaa. Angalia hiyo miaka: hongo inaanzia 2002, na vyeo vyote vikubwa vilikuja baadaye. Pesa naamini alikula. Lakini kwamba hakuna aliyejua kwa miaka 15, hilo siliamini.

Serikali zetu hazijaiga kwake? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hamu ilisemwa hadharani. Mwaka 2017 jijini Dar, kwenye mkutano ulioandaliwa pamoja na Wachina, naibu waziri Edwin Ngonyani alisifu jinsi China ilivyofungia mitandao ya nje na kuweka yake. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 2. Ila sioni kama ni dawa ile ile. China haimsumbui kila mwenye blogu kwa leseni. Inaibana kampuni, nayo kampuni inaajiri maelfu ya watu wa kufuta kabla haijaulizwa. Sisi kampuni hizo hatuna, ziko ng'ambo.

Na Facebook je, mwishowe walifunguliwa? (Msomaji, Muscat)

Hawakufunguliwa. Machi 2016 Zuckerberg alikwenda Beijing, akapigwa picha akikimbia mazoezi mbele ya Tiananmen, hewa imejaa moshi na yeye hana barakoa. Miezi mitatu baadaye Lu akaondolewa. Akaja Xu Lin, kisha Zhuang Rongwen mwaka 2018, na ofisi ikazidi kunenepa hadi mwaka 2022 ikaipiga kampuni ya teksi ya Didi faini ya zaidi ya yuan bilioni 8. Picha aliyoiweka Zuckerberg ya zile mbio aliiweka Facebook, mahali ambapo mkazi wa Beijing hawezi kuiona.