Massignon hakuupoteza Ukatoliki wake
Ndugu yangu, umeuliza kama Mkatoliki akizama katika masomo ya Uislamu atapoteza imani. Msome Louis Massignon, msomi Mfaransa wa Uislamu (1883–1962). Huyo alikuwa ameshaipa dini kisogo. Mwaka 1908 aliugua huko Iraki, familia ya Kiislamu ya Alusi ya Baghdad ikamsimamia, na safari hiyohiyo ndiyo iliyomrudisha kanisani! Akaendelea miaka na miaka kumchunguza Hallaj, sufi aliyeuawa Baghdad mwaka 922. Mwaka 1950 akapewa upadre Cairo, kwa Wamelkiti, Wakatoliki wanaosali kwa Kiarabu. Sisi wa Mumias, tunaokula Idi kwa shangazi na Krismasi kwa mjomba, hatushangai sana. Huyo katekista aliyekutisha mwulize kuhusu Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu dini nyingine, 1965, kifungu cha 3, kinachowahusu Waislamu.