Mgongo wa Mkongwe: Niliyojifunza kwa Wanamieleka Wazee

Kati ya 1993 na 2001 nilikuwa na banda la video Wete, kwenye njia inayoteremka bandarini. Mabao mawili, majamvi, televisheni ya inchi 21, deki moja na jenereta la kukodi, kwa sababu Pemba wakati ule ilikuwa haijaletewa waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga. Ule ulifika 2010. Kabla yake tulitegemea majenereta ya Wesha, nayo yalizima yalipotaka. Siku za kawaida watu walikuja kwa filamu za Kihindi. Msimu wa karafuu, vijana wakishapokea ujira wa kuchuma, walitaka mieleka.

Kanda zilitufikia kwa kuchelewa, zimeshapita mikono mingi, picha imechakaa. Pambano la Hulk Hogan na Andre the Giant lilifanyika Machi 1987 huko Pontiac, Michigan. Sisi tulilitazama 1994, na kelele zilifika mpaka msikitini, nikaitwa na wazee nikaonywa.

Miaka hiyo hiyo nilikuwa nacheza mpira, namba tisa, nahodha wa timu. Yaliyonifika uwanjani ndiyo yaliyonifundisha kuwatazama wanamieleka wazee kwa jicho jengine. Kwa hiyo haya nawaandikia wenzangu: mchezaji, fundi, mwimbaji wa taarab, nahodha wa ngalawa, yeyote ambaye jina lake bado linaita watu na mwili wake umeshaanza kumkatalia.

Nianze na Andre, kwa kuwa ndiye niliyemwelewa vibaya kwa miaka mingi. Usiku ule wa Pontiac alikuwa na miaka 40. Maradhi ya kukua kupita kiasi yalikuwa yameshamla viungo, mgongo ulikuwa umefanyiwa upasuaji, na chini ya vazi lake la ulingoni alivaa mkanda wa kuushikilia. Waandaaji walitangaza watazamaji 93,173. Hogan akamnyanyua, akambwaga, akambana, refa akahesabu tatu. Pale bandani tulimsifu Hogan kwa nguvu zake, na vijana wakatoka nje wakaanza kunyanyuana mchangani.

Hakuna aliyeuliza: mtu mzito kiasi kile ananyanyuliwa vipi kama mwenyewe hakukubali? Mieleka ile mshindi wake hupangwa kabla, hilo leo halimshangazi mtu. Basi maana yake ni kwamba Andre aliamua. Alijua mwili wake umekwisha, akalibeba jina lake lote alilolijenga kwa miaka, akamwekea mwenzake mikononi mbele ya umati ule. Tulipokuwa tukimshangilia Hogan pale Wete, Andre alikuwa ameshafariki tangu Januari 1993, sisi hatuna habari.

Hiyo ndiyo kazi ya mkongwe, na nadhani hana nyengine iliyo kubwa kuliko hiyo. Jina lake ni mali iliyokusanywa kwa jasho. Asipompa mtu angali hai, halirithiwi.

Mfano niupendao zaidi ni wa Ric Flair, Machi 1988, Greensboro, North Carolina. Flair alikuwa bingwa wa dunia, miaka 39. Mbele yake kijana aliyejipaka rangi usoni, anaitwa Sting, ambaye watu wengi walikuwa hawajaamua kama ni mchezaji au pambo. Walipigana dakika 45 mpaka muda ukamalizika, hakuna mshindi. Flair hakuupoteza hata mkanda wake wa ubingwa. Lakini alikaa dakika 45 akibwagwa, akiomba kusamehewa, akitambaa, akimwonesha kila mtazamaji kwamba kijana huyu ananishinda nguvu. Sting aliingia ukumbini mtu wa kawaida, akatoka nyota. Wanaojua kazi ya ulingoni wanasema kuanguka vizuri ni ufundi mkubwa kuliko kuangusha, na ukiitazama kanda ile utaona kwa nini.

Sasa niseme langu.

2002 nilikuwa na miaka 38. Timu yetu ilikuwa na kijana wa miaka 19, mwepesi, mguu wa kushoto, anajua kuusubiri mpira. Kila aliyekuja mazoezini aliona kwamba nafasi yangu ni yake. Kabla ya mechi ya mwisho, ambayo tulihitaji ushindi ili tupande daraja, kocha alinijia nyumbani baada ya isha akaniomba nianzie nje, niingie kipindi cha pili. Nilimjibu kuwa watu wanakuja kuniona mimi. Ilikuwa kweli, na ndio ubaya wake. Kocha alinyamaza.

Nilicheza dakika zote 90. Nilipewa mpira mmoja kipindi cha pili, peke yangu na kipa, na kabla sijainua mguu beki alikuwa ameshafika. Kijana alikuwa pembeni ya mstari akipasha misuli, anakwenda na kurudi, dakika 40 nzima, akimtazama kocha. Hakuitwa. Tulitoka sare, hatukupanda. Mwaka uliofuata hakurudi mazoezini. Akenda Unguja, kisha Muscat, kazi ya dukani. Hakucheza tena.

Ndiyo maana nikimwona mwanamieleka wa miaka 50 analetwa kuchukua mkanda wa kijana, roho huniuma kuliko watazamaji wengine. Februari 2020, Riyadh, Goldberg akiwa na miaka 53 alimshinda Bray Wyatt, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akijengwa kama kitu kisichoangushika. Pambano lilichukua dakika chache tu. Nawaelewa waandaaji: jina la zamani huuza tiketi ya leo. Mwenye banda yeyote anajua hilo, mimi mwenyewe nilikuwa nikiandika jina la Hogan kwa chaki kubwa kuliko majina yote. Lakini ukiuza tiketi ya leo kwa kuiharibu mbegu ya kesho, mwakani utamwita nani? Utamwita tena yule yule, naye atakuwa na 54.

Na mwili una haki yake. Juni 2019, huko huko Saudi Arabia, Jeddah, mji ambao sisi tunaujua kwa safari za Hija, walimkutanisha Goldberg wa miaka 52 na Undertaker wa 54. Undertaker ni hirimu yangu, kazaliwa Machi 1965, mimi 1964. Goldberg alijigonga kichwa kwenye nguzo ya ulingo, damu ikamtoka, akawa hayuko sawa, kisha akajaribu kumnyanyua mwenzake na nusura amwangushe kwa shingo. Nilishindwa kuendelea kutazama. Nilikuwa naziona shingo mbili za wazee wenzangu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mkongwe ni huu: kijana wako mchague mapema, jina lako lingali na thamani. Usingoje mpaka watu waanze kukuonea huruma, kwani anayemshinda mtu wa kuonewa huruma haongezi kitu. Tena mchague anayehitaji. Undertaker alikuwa ameshinda mara 21 mfululizo kwenye WrestleMania, onesho kubwa la mieleka la kila mwaka, na Aprili 2014, New Orleans, wakaikata rekodi ile kwa Brock Lesnar. Ukumbi ulinyamaza, watu wameshika vichwa. Wako wanaosema ulikuwa uamuzi mzuri. Mimi naona walimwaga maji kisimani. Lesnar alikuwa ameshakuwa jitu, ana jina, ana fedha. Mali ile ingemfanya mtu mwengine kabisa.

La pili nililielewa kwa kukosea. Huku kwetu Sikukuu Kubwa huwa tunafanya mechi ya maveterani na vijana. Mwaka mmoja nilimwonea huruma kijana aliyepangwa kunikaba, nikamwachia mpira kusudi, ili aonekane. Watu walicheka: "Mzee kamwachia huyo!" Kijana aliona haya mpaka mwisho wa mchezo. Nilikuwa nimemdhalilisha kwa kutaka kumpandisha.

Sikukuu iliyofuata nikajitayarisha. Miezi miwili nikikimbia baada ya alfajiri, mpaka goti likavimba. Nilipangiwa beki wa miaka 17. Nilimwendea kwa kila kitu nilichobakiwa nacho: hila zote, kiwiko, kumzungusha kwa mgongo, mambo niliyoyajua kabla baba yake hajaoa. Mara ya kwanza nilimpita. Mara ya pili alinipokonya. Mara ya tatu alinipokonya nikaanguka chini, na uwanja mzima ukalitaja jina lake. Nilibaki pale chini nikilisikiliza jina lile, nikamkumbuka Andre.

Watu huamini wanachokiona kimegharimu kitu. Ndani ya ulingo matokeo yamepangwa, ndiyo, lakini mkongwe asipotia nguvu zake za kweli, mtazamaji ananusa. Flair alimpa Sting dakika 45 za pumzi zake. Ukitaka kumkabidhi mwanafunzi wako benchi la useremala, mpe ile kazi ngumu ambayo wateja wanakuijia wewe, na wajue kuwa kaifanya yeye. Ukimpa kupiga msasa tu kisha ukatangaza kuwa umemrithisha, hukumrithisha kitu.

Kuna njia ya katikati, kwa wale ambao hawajawa tayari kuondoka. Nayo nimeiona kwa Sting huyo huyo. Alipojiunga na AEW, kampuni ya mieleka ya Marekani, mwishoni mwa 2020 alikuwa na miaka 61. Hakuomba mkanda wa bingwa mkuu. Alisimama upande mmoja na Darby Allin, kijana mwembamba asiyeogopa kuvunjika, wakapigana wawili wawili kwa miaka mitatu. Kijana alibeba mbio na kuruka, mzee akaingia kwa muda mfupi kwa yale anayoyaweza. Pambano lake la mwisho lilikuwa Machi 2024, na alichagua Greensboro, ukumbi ule ule wa 1988. Alikuwa na miaka 64, akashinda, na simlaumu hata kidogo kwa kushinda, maana kila usiku wa miaka mitatu ile watu waliokuja kumtazama yeye walirudi nyumbani wakimzungumza Darby.

Mkitaka mfano wa karibu, ndivyo wanavyofanya manahodha wazee wa ngalawa wenye busara. Usukani anaushika kijana, mzee anakaa karibu na mlingoti, anautazama upepo, anasema neno moja panapohitajika.

Lakini ukishaaga, aga. Hapa Flair ananihuzunisha. Machi 2008, Orlando, akiwa na miaka 59, Shawn Michaels alimmaliza kwa machozi, baada ya kumtamkia kwamba anampenda na kwamba anasikitika. Sijaona kijana akimuaga mzee kwa heshima kama ile, na ninyi vijana itazameni: Michaels hakumwonea huruma kwa kumlegezea, alimheshimu kwa kumpiga kama mwanamme kamili. Baada ya miaka miwili Flair alikuwa ameshapanda ulingo mwengine. Pambano alilolitangaza kuwa la mwisho alilifanya Julai 2022, Nashville, akiwa na miaka 73. Najua uchungu wa kukosa kelele za watu. Jumamosi ya kwanza baada ya kuacha mpira nilikaa nyumbani nikisikia uwanja kwa mbali, sikuweza kula. Tafuta pa kuupeleka uchungu ule: wafundishe watoto wa skuli, kuwa refa, panga vikao. Usiupeleke pale ulipoaga.

Desemba 2025, Jumapili, nilitoka sala ya alfajiri nikakaa kibarazani na mjukuu wangu, simu imeegemezwa kwenye kikombe cha chai. Washington ilikuwa bado Jumamosi usiku. John Cena anaaga, miaka 48. Alipanda jukwaa kubwa mara ya kwanza Juni 2002, mwaka wangu ule ule, alipojitokeza dhidi ya Kurt Angle akashindwa vizuri. Miaka yote fulana zake zilibeba neno moja, usikate tamaa. Mbele yake yuko Gunther wa Austria, ambaye Julai ya mwaka huo alikuwa ameshamuaga Goldberg kwa mkabo ule ule wa shingo. Cena alikabwa, akajinasua, akakabwa tena. Mwisho akatabasamu, akagonga mkono kusalimu amri.

Ukumbi ulizomea vibaya. Mjukuu wangu alilia, akaniuliza, "Babu, kwa nini hakushinda siku yake?" Nilimwambia kwamba lile ndilo jambo la mwisho alilokuwa nalo la kutoa, kwa kuwa katika miaka zaidi ya 20 watu walikuwa wamezoea kuwa yeye hasalimu. Sijui kama alinifahamu. Alikwenda chuo cha Kurani amenuna.

Yule kijana wa 2002 alikuja Wete sikukuu iliyopita. Ana miaka 42 sasa, mvi zimeanza. Nilimfuata barazani kwao, nikamwambia mbele ya ndugu zake kwamba ile mechi ilikuwa yake na mimi niliichukua. Alinishika mkono muda mrefu.

"Ami, yashapita hayo," alisema. Kisha akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi, maana mwanawe anacheza namba tisa timu ya skuli na hakuna anayemfundisha kusubiri mpira.