Maji ya chumvi na nyasi za gofu

Ndugu, umeuliza kama uwanja mpya wa gofu pwani unaweza kumwagiliwa maji ya chumvichumvi ya kisima. Inategemea nyasi. Paspalamu huvumilia chumvi kuliko nyasi nyingi, lakini chumvi hubaki udongoni, kwa hiyo lazima maji yapite chini vizuri, na mara kwa mara uisafishe kwa maji yasiyo na chumvi au usubiri masika. Nenda ukaone Vipingo Ridge, Kilifi: uwanja wa Baobab, kazi ya mbunifu wa viwanja vya gofu David Jones, uko juu kwenye ardhi iliyokuwa ya mkonge, si mchangani. Na hesabu za mradi anza na nyumba. Viwanja vya kujenga ndivyo vinavyouzwa, gofu ni chambo (ghali kweli!).