Taabu ya Kupima Uchovu kwa Kiarabu

Wiki iliyopita niliandikiwa na binti anayesomea shahada ya uzamili ya uuguzi hapa Muscat, ambaye kwao ni Unguja kama kwetu. "Shikamoo dada," alianza, "nina dodoso la Kiingereza la kupima uchovu wa wagonjwa wa saratani, na Kiarabu ninakijua, nikikaa nalo usiku mmoja nikalitafsiri mwenyewe, si litatosha?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwani miaka kadhaa nyuma nilijiuliza swali hilo hilo, nikajijibu kwamba litatosha, na tasnifu yangu ikarudi imejaa wino mwekundu.

Dodoso lenyewe ni Brief Fatigue Inventory, lililotungwa katika kituo cha saratani cha MD Anderson huko Houston na kuchapishwa mwaka 1999. Lina maswali 9 tu, na kila moja hujibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Matatu ya mwanzo yanauliza ukali wa uchovu, yaani ulivyo sasa, ulivyo kwa kawaida na ulipozidi kabisa katika saa 24 zilizopita. Sita yanayobaki yanauliza jinsi ulivyomzuia mtu, kwa mfano, kutembea, kufanya kazi, kukaa vizuri na watu na kuyafurahia maisha. Kwa kuwa maneno ni machache, nilijidanganya kwamba kazi nayo ni ndogo.

Uchovu niliuandika ta'ab. Sisi Waswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kulishuku neno hilo, maana kutoka shina lake tumepata taabu na taabani, na hakuna anayesema jirani yake yu taabani kwa sababu tu amekosa usingizi. Katika mazungumzo ya kila siku ya Waarabu wengi, ta'ban ni aliyechoka na pia ni mgonjwa. Mama mmoja aliyekuwa ametundikiwa dripu alizungushia 10, na nilipomuuliza akaniambia kwamba usiku alilala vizuri na wala hajachoka. "Mimi ni mgonjwa, mwanangu, huoni?" Wakati huo nilikuwa nimeshakusanya fomu 40.

Namba nazo zilinifedhehesha. Nilizipanga kutoka kulia kwenda kushoto kwa tarakimu za Kiarabu cha Mashariki, ambazo sifuri yake ni nukta na tano yake ni kiduara kinachofanana kabisa na 0 ya simu na ya kadi ya benki. Mzee mmoja, dereva mstaafu, alizungushia kiduara hicho katika maswali yote tisa, nami nikamwandika kuwa ana uchovu wa wastani, kumbe alikuwa akiniambia kwamba hana uchovu hata chembe.

La kushangaza ni kwamba alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyokubaliana, ilivuka 0.90, wakati kiwango ambacho wengi hukidai ni 0.70, nami nikaitangaza kwa furaha. Sikuelewa kwamba mtu anayekosea kwa namna moja katika maswali yote tisa huipandisha alfa badala ya kuishusha. Mtahini aliniuliza mbele ya wenzangu wote: "Nani alilirudisha dodoso hili kwenye Kiingereza?" Sikuwa na jibu, na msimamizi wangu, aliyezipitia rasimu zote bila kuniuliza jambo hilo, alikuwa akiangalia simu yake. Nimesamehe, lakini sijasahau.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayeitamani shahada kama nilivyoitamani mimi, usijitegemee. Waandikie wenye dodoso uombe ruhusa na uulize kama tafsiri ya Kiarabu ipo tayari, mimi sikuuliza. Tafuta wafasiri wawili, kila mmoja atafsiri peke yake, ndipo wakae pamoja walinganishe kazi zao, kisha mtu wa tatu ambaye hajaliona dodoso la Kiingereza airudishe tafsiri katika Kiingereza, ili uone kama maana imebaki ile ile. Halafu nenda wodini. Msomee mgonjwa swali, umwombe akueleze kwa maneno yake alichokielewa, nawe unyamaze. Ndipo utakapogundua kwamba mwenye mtumishi wa nyumbani anazungushia 0 kwenye kazi za nyumbani kwa kuwa hata alipokuwa mzima hakuwa akipika, na kwamba kuna anayezungushia 1 huku macho yakimfumba, kwa sababu ameshasema "alhamdulillah" na anaona kulalamika baada ya hapo ni kukosa shukrani. Yote haya niliyapata katika awamu ya pili, kwa alasiri chache za kukaa kando ya vitanda, na tasnifu ikapita bila sahihisho hata moja katika sura ya dodoso. Hilo nalitaja makusudi.

Binti yule nilimjibu kwa kirefu kuliko nilivyoandika hapa. Jana usiku amenitumia rasimu yake ya kwanza: barua ya ruhusa imeshakwenda, na namba amezipanga vizuri, 0 ikiwa 0. Swali la kwanza bado lina ta'ab.